Katibu wa Kinyala na Kompyuta Isiyo na Window

Siku niliyoshuka Tukuyu kuanza kazi nilijibanza chini ya bati la duka moja nikisubiri mvua ikatike. Nimezaliwa Kondoa. Kwetu mvua ni mgeni: huja, huongea kwa sauti kubwa, huondoka. Nilisubiri saa nzima nimekumbatia begi langu kifuani, hadi mama mmoja aliyejitwisha mkungu wa ndizi akanihurumia.

"Mwanangu," akasema, "hapa hatuisubiri. Tunatembea nayo."

Nikatembea nayo. Nimetembea nayo mpaka mwezi uliopita nilipostaafu, na sasa nawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba cha kompyuta cha kituo chetu cha ufundi, chumba chenye dirisha lisilofunga vizuri na harufu ya ubao mbichi. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na vyote vilichelewa kufika. Nitawaambia mambo ambayo hayamo kwenye faili langu.

Nilikuja kufundisha upigaji chapa. Tulikuwa na mashine kumi na mbili za chuma, nzito kama mawe ya kusagia, na zikipigwa zote kwa pamoja bati la juu lilijibu kama limenyeshewa mvua ya pili. Mashine ya nne haikuwa na herufi k. Msichana aliyeikalia alijifunza kuruka nafasi kisha kuijaza kwa kalamu. Alikuja kuwa karani hodari kuliko wenzake wote, kwa sababu alizoea kujisahihisha kabla hajaambiwa.

Mwalimu wangu mwenyewe hakuwa mtu wa kituoni. Alikuwa Fundi Angolile, mtengeneza redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilimpelekea saa ya ukutani, nikarudi na mafunzo ya miaka kumi na tano. Alinifundisha kwamba Tukuyu adui wa umeme ni unyevu, na kwamba kabla ya kufungua kitu chochote lazima ukinuse. "Kilichoungua kinanuka ukali," alisema. "Kilicholowa kinanuka kama nguo ya mtoto. Ukifungua bila kunusa, wewe ni mwizi tu mwenye bisibisi." Kifaa kilicholowa alinishauri nikifukie kwenye mchele wa Kyela usiku kucha. Nilimuuliza kwa nini uwe wa Kyela, mchele si mchele? Akanitazama juu ya miwani yake. "Kifaa kikikataa kupona, Mwalimu, angalau utakula wali mzuri."

Kisha kompyuta zikaja. Zilikuja zimetumika, kutoka mbali, kwenye maboksi yaliyolowa pembe zote, na mimi niliyekuwa nikijua kupiga chapa nikaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu ninajua kompyuta. Mkuu wa kituo alitamka hivyo bila haya, na mimi nikaitikia bila haya. Jumatatu ya kwanza nilishinda nikitafuta pa kuwashia.

Wakati ule Tukuyu nzima ilivaa maisha yake shingoni. Mwalimu, karani, mchungaji, binti wa stesheneri, kila mtu alikuwa na flashi iliyoning'inia kwenye kamba, na ndani yake mitihani, mahubiri, picha za harusi. Flashi ilichomekwa hapa asubuhi, kule mchana, na kila ilipochomekwa ilipokea virusi na kugawa virusi. Mtu angekuja amebeba kazi ya miezi sita, akafungua, akakuta mafaili yake yote yamegeuka vijishale visivyofungua kitu. Nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya kioo cha kompyuta. Dawa tuliyoijua ilikuwa moja: kupiga window upya, yaani kufuta kila kitu na kupakia tena ule mfumo wa Windows. Nilipiga window kila mwezi, kutoka kwenye diski ya kunakili iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala, na mwezi uliofuata nilianza tena.

Fundi Angolile alikuja siku moja akanikuta hapo. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama kwa muda.

"Unafua nguo ileile kila siku," akasema, "na mwenye nguo anarudi kulala kwenye matope. Sasa tatizo ni nguo au ni matope?"

Ndipo nikakumbuka diski niliyopewa kwenye semina Mbeya na kijana mmoja mwenye ndevu ambaye hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa amesema ipo Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, unaotolewa bure na watu wanaoutengeneza pamoja, na unaruhusiwa kuunakili mpaka diski zikuishie. Nilidhani amechanganyikiwa. Kwa miaka yote tulikuwa tukinakili kama wezi, na hapa kulikuwa na kitu kilichosema: nakili, mpe na jirani yako.

Sitawadanganya kuhusu miaka ile ya mwanzo. Linux ya wakati ule ilikuwa kama ng'ombe wa maziwa mwenye hasira: maziwa yapo, lakini kwanza upigwe teke. Printa ilikataa kwa wiki tatu. Modemu sikuifanikisha kabisa, nikaitia kabatini, bado imo. Barua ya kwanza niliyoiandika kwa Linux niliipeleka ofisi moja, wakaifungua kwenye mashine yao, na herufi zikatokea zimetawanyika kama siafu walioguswa na majivu. Karani alinipigia simu, akauliza kwa upole kama ninaumwa. Tangu siku hiyo kila kinachotoka mlangoni kwetu kinatoka kwa PDF. Msiiache desturi hiyo, hata mkiambiwa haina haja tena.

Lakini siku ya kwanza mwalimu wa shule ya jirani alipochomeka flashi yake iliyojaa virusi, tuliviona. Vilikuwa vimelala pale wazi, majina yao ya ajabu yanasomeka, na havikufanya chochote. Nilimwita Fundi Angolile aje aone. Akainama karibu na kioo.

"Kupe juu ya jiwe," akasema, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Fundi hakuishi kuona yaliyofuata. Yalikuja polepole, kama chai inavyokua, huoni ikikua lakini kila juma kuna majani ya kuchuma. Mwaka mmoja printa ikatambuliwa bila kuombwa. Mwingine simu ikichomekwa, picha zikatokea. Maneno ya kwenye kioo yakaanza kuonekana kwa Kiswahili, mengine yamekaa vizuri, mengine kama yametafsiriwa na mtu mwenye njaa. Kisha kazi nyingi za watu zikahamia mtandaoni, na mama aliyekuja kuangalia matokeo ya mwanawe hakujali tena chini ya ule ukurasa kuna mfumo gani. Mtaniuliza maendeleo ya Linux ni nini kwa mtu wa kawaida. Nitawajibu hivi: watu waliacha kuuliza, "Mbona haina window?"

Hawakuacha wote, wala hawakuacha siku moja. Ndiyo maana nataka niwasimulie habari za katibu.

Mzee Ambakisye alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa chai huko Kinyala. Ameandika muhtasari wa mikutano yao tangu alipokuwa na meno yote, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama mgomba kwenye upepo. Kikundi kile kina utaratibu ambao sijauona kwingine. Muhtasari hausubiri mkutano ujao. Katibu anausoma palepale, kabla watu hawajainuka, na wanachama wananyoosha mikono kuuthibitisha. Mkulima wa kule haamini maneno yaliyolala nyumba ya mtu. Basi ikaja barua kutoka juu: kuanzia mkutano mkuu ujao, muhtasari uchapwe kwa kompyuta na utumwe kwa barua pepe siku hiyohiyo. Wanachama wakaunganisha mambo hayo mawili wakaona tatizo. Au mzee ajifunze kuchapa mbele yao, au nafasi apewe Gwamaka, kijana mwenye cheti cha kompyuta kutoka Mbeya na viatu visivyoshika tope.

Mzee alinijia miezi minne kabla ya mkutano. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, nimeambiwa wewe unafundisha hata mawe."

"Mawe ni rahisi, Mzee. Hayaogopi kuvunja kitu."

"Mimi naogopa kitu kimoja tu," akasema. "Kunyang'anywa kalamu ningali hai."

Nilikuwa na mtu sahihi wa kumfundisha. Tupokigwe alianza kwetu kama mwanafunzi wa ushonaji, akahamia kompyuta, nikamwomba abaki anisaidie. Alikuwa na kipaji cha kufundisha wazee ambacho mimi sikuwa nacho. Aliwafundisha kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, na kwa mifano ya shambani. Kibodi, aliwaambia, huichumi kwa ngumi. Unachuma majani mawili na kichipukizi kwa ncha za vidole, ukiacha mche usiumie. Nilijua ameolewa Kinyala. Nikaona, vizuri zaidi, hata njiani watakuja pamoja.

Sikumwambia Tupokigwe mwanafunzi wake ni nani. Nilitaka iwe zawadi. Jumanne ile nilimshika mzee mkono, nikamwingiza chumbani, nikamkalisha kwenye benchi palepale ubavuni mwa Tupokigwe, nikasema kwa furaha, "Haya, nimewaletea kila mmoja wenu mtu bora!"

Tupokigwe aligeuka. Akavuta kanga usoni kwa mikono miwili, akainuka, benchi likainuka naye upande mmoja, akakimbilia stoo akafunga mlango. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta. Alikaa hivyo kidogo, mgongo wake kwangu, kisha akatoka nje mvuani bila kuvaa kofia.

Nilidhani wamegombana. Nilikwenda stoo nikamkuta ameketi juu ya maboksi.

"Kakufanya nini yule mzee?"

"Hajanifanya kitu, Mwalimu. Wewe ndiye umenifanya." Alikuwa analia na kucheka. "Yule ni baba mkwe wangu. Baba wa mume wangu! Mimi siwezi kuketi naye. Siwezi kumwangalia, siwezi kusema naye, njiani nikimwona anakuja mimi naingia shambani. Miaka tisa nimeolewa pale hajawahi kuniona uso. Wewe umenikalisha naye benchi moja kama ndugu wa kanisani!"

Nilikuwa nimeishi Rungwe zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilijua kwamba Wanyakyusa wa zamani waliweka umbali baina ya mkamwana na baba mkwe, kwa heshima. Nilidhani ni habari za zamani, kwa sababu wengi wameiacha. Ukoo wa Mzee Ambakisye haukuiacha. Andikeni mahali: mgeni anayekaa muda mrefu ni hatari kuliko mgeni wa jana, maana huyu wa jana huuliza.

Nilikwenda Kinyala kuomba radhi nikiwa na sukari na sabuni. Mzee alizipokea, akasema nilichokosea ni kutojua na kutojua hakuna faini. Nikajitolea kumfundisha mimi mwenyewe. Tukafanya hivyo Jumanne tatu, na zote tatu zilikuwa mateso. Mimi ni mpiga chapa, vidole vyangu vinakwenda kabla sijafikiri, na Kinyakyusa changu ni cha kununulia ndizi. Jumanne ya tatu aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Mwalimu, mikono yako inajua. Mdomo wako haujui."

Gwamaka alikuwa barazani siku hiyo, amekuja kuchapisha kitu, na alisikia. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa vijana wenye cheti kipya.

"Baba," akasema, "umri huu ni wa kunywa chai, siyo wa kuiandikia. Na hapa wanakupotezea muda. Hizo hata window hazina."

"Nimeanza kuandika muhtasari," mzee akamjibu, "kabla baba yako hajapata neno la kumwambia mama yako. Na alipolipata, alikosea."

Baraza zima lilicheka, na Gwamaka pia. Mzee akarudisha mikono kwenye kibodi.

Kwenye chumba chetu kuna ile programu inayomwezesha mwalimu kuona vioo vya wanafunzi wote kutoka kwenye mashine yake, na kuingilia akitaka. Ilikuja na Linux bila kuombwa chochote, na sisi tuliitumia kuwakamata wanaocheza karata. Mashine ya mwalimu wakati huo ilikuwa stoo kwa sababu mezani palikuwa pakivuja. Tupokigwe alikuwa stoo, kama alivyojificha kila Jumanne. Sikujua kwamba wiki zote tatu alikuwa akimtazama baba mkwe wake akihangaika.

Mzee alikuwa ameandika mstari mmoja, kazi ya nusu saa, akagusa mahali, mstari ukaruka mwisho wa ukurasa. Akaanza kuutafuta. Nikiwa bado nafungua mdomo, kishale kikasogea chenyewe. Kikatembea taratibu, kama mtu anayevuka ua wenye watu waliolala, kikaushika mstari na kuurudisha mahali pake.

"Kuna mtu humu ndani," mzee akasema.

Kisha herufi zikaanza kutokea, kubwa, moja moja: *Mugonile*. Ndiyo salamu ya heshima ya Kinyakyusa, ya kumuuliza mkubwa kama ameamka salama.

Mzee aliisoma. Akatazama mlango wa stoo uliofungwa, akayaondoa macho haraka.

"Ni yeye?"

"Ndiye, Mzee. Niizime?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, na mimi nilijua nimemkosea mara ya pili na kwamba safari hii sukari haitatosha. Alikaa amefumba macho, midomo inacheza, kama mtu anayeuliza walio chini ya ardhi. Kisha akafumbua.

"Wazee wetu walikataza macho," akasema polepole. "Walikataza sauti. Barua hawakuikataza, hawakuwa na barua. Mimi nasema barua si kukutana." Akavuta kiti. "Mwambie... hapana. Ngoja."

Akaanza kutafuta herufi. Ilimchukua karibu robo saa, na mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kiti kwa mikono miwili nisije nikamsaidia. Neno lilipokamilika lilikuwa *Ndaga*. Asante. Kutoka stoo nilisikia mtu akipenga kamasi.

Hapo ndipo kazi yangu kama mwalimu wa Mzee Ambakisye ilipokwisha, na sijawahi kufurahi hivyo kufukuzwa. Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa. Tupokigwe alitangulia, akaingia stoo. Yeye alifuata, akakohoa mlangoni, nami nikamwambia njia ni nyeupe. Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, kila kitu kililazimika kuandikwa: amri, swali, jibu, lawama. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuandika maneno mengi kiasi kile. Kwanza yalikuwa ya kazi tu. Bonyeza hapa. Hifadhi kwanza. Chuma taratibu. Baadaye nikaona wanaandikiana habari za Lusajo, mjukuu, na kikohozi chake. Wakaandikiana habari za ng'ombe aliyezaa ndama mwenye doa, na za mume wa Tupokigwe aliyekuwa na gereji Kiwira na hakupenda kuja nyumbani mikono mitupu. Miaka tisa walikuwa wameishi ua mmoja, mmoja akipika, mwingine akila, na sahani ikibebwa na mtoto.

Ijumaa moja nilisikia kicheko stoo, cha mtu anayejiziba mdomo kwa kanga akashindwa. Nikaenda kuchungulia kioo. Mzee alikuwa ameandika: *Mbalaga ya Jumapili ilizidi chumvi.* Zile ndizi za kupika, mnazijua. Chini yake Tupokigwe alikuwa amejibu: *Jumapili alipika mama.*

Mama, yaani mke wa mzee.

Na chini yake, kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwenye vidole vile: *Futa hiyo.*

Tupokigwe akamfundisha kufuta. Kisha, kwa sababu alikuwa mwalimu wa kweli, akamfundisha na kurudisha kilichofutwa.

Mkutano mkuu ulifanyika Kinyala, kwenye darasa la shule ya msingi. Kikundi kilikuwa na laptopu kuukuu ambayo mafundi wawili mjini walisema itupwe. Niliitia Linux nyepesi, na ikaamka kama mgonjwa aliyesikia harufu ya mchuzi. Nilibeba projekta, shuka jeupe, na kidude cha kuunganisha mashine mbili bila waya. Tupokigwe aliketi darasa la pili, nyuma ya ukuta, pamoja na kina mama waliokuwa wakimenya ndizi, laptopu yangu ikiwa juu ya sufuria iliyofunikwa. Mzee alikuwa amempa sharti moja, kwa maandishi: asiguse. Atazame tu. Akigusa hata mara moja, aliandika, mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Walikuwa watu arobaini na zaidi. Mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akasema kile ambacho kila mtu alikijua. Muhtasari wa leo utachapwa na kusomwa kabla ya chakula. Ukithibitishwa, katibu anaendelea. Usipothibitishwa, Gwamaka yupo. Gwamaka alikuwa kiti cha mbele, cheti chake ndani ya bahasha ya nailoni.

Mzee alichapa. Kwenye shuka tuliona neno baada ya neno, na jambo la ajabu likatokea: watu wakaanza kuzungumza mmoja mmoja, kwa zamu, wakimsubiri afike mwisho wa sentensi. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba hawajawahi kuwa na mkutano wenye adabu namna ile. Mbolea, barabara, gari la kukusanya majani linalochelewa. Yote yakaingia.

Ilipofika ajenda ya sita aligusa mahali. Sijui wapi. Shuka likawa jeupe. Ajenda zote, kazi ya saa mbili, zilitoweka mbele ya watu arobaini.

"Imekufa hiyo," akasema mtu nyuma.

"Si ndiyo hizo zisizo na window," akaongeza mwingine.

Nilikitazama kishale. Nilijua darasa la pili kuna mkono umenyanyuka juu ya sufuria, kwa sababu ungekuwa wangu ningekuwa nimeshagusa. Kishale hakikusogea. Mzee alikaa ametazama weupe ule, na shingo yake ikaonekana nyembamba ndani ya kola. Gwamaka aliinuka nusu, nadhani kwa nia njema, kwenda kumsaidia. Mzee akainua kiganja kimoja. Kwa mkono wa pili alishusha vidole viwili kwenye kibodi, akachuma mara moja.

Maneno yote yakarudi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kulipita mguno mmoja wa chini, wa watu wanaoona ng'ombe akitolewa shimoni. "Hapo hata mimi ningebabaika," Gwamaka akasema, akakaa.

Alipomaliza alisimama, akageukia shuka, akasoma muhtasari wote kwa sauti yake ya kanisani. Mwisho akafika kwenye orodha ya waliohudhuria, ambayo wao huisoma jina kwa jina na kila mtu huitikia. Arobaini na tatu waliitikia. Kisha akasoma la arobaini na nne.

"Tupokigwe, mama Lusajo. Mwalimu wa katibu."

Watu wakageuka kutafuta. Wanawake wawili wazee walishika midomo.

"Mkamwana wako?" mwenyekiti akauliza. "Katibu, huyu hayumo humu."

"Amehudhuria."

"Mimi simwoni."

"Wala mimi sijawahi kumwona," mzee akasema. "Lakini muhtasari unaandika aliyekuwepo. Nimemwita. Tusubiri aitikie kama wengine."

Tukasubiri. Nyuma ya ukuta kina mama walikuwa wameacha kumenya. Kisha kwenye shuka, chini ya mstari wa mwisho, herufi zikaanza kutokea moja moja, na darasa zima likazisoma kwa sauti kama watoto wa chekechea: *Nipo.*

Mwenyekiti aliinua kalamu.

"Wanaouthibitisha muhtasari kama ulivyosomwa?"

Mikono ilinyooka mbele, ikanyooka nyuma, mkono wa Gwamaka ulikuwa juu umeshika bahasha yake ya nailoni. Mwenyekiti alihesabu, akasimama, akahesabu tena, akanionyesha kwa kalamu.

"Mwalimu, wewe si mwanachama. Huna hata mche mmoja."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa juu kweli, nami sikuushusha.